Chura wa Kwenye Tanki

Kuna kipindi cha maisha yangu, na hakikuwa kifupi, niliamini kabisa kwamba Wazungu huweka chura ndani ya tanki la dizeli ili anywe maji. Aliyeniambia ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha mtaani kwetu Kizwite, mshikaji ambaye sijawahi kumsikia akisema "sijui". Alinieleza kwa utulivu, huku akichokonoa meno kwa njiti. Dizeli siku zote inaingia maji, alisema, hasa huku kwetu Ufipa kwenye ukungu na baridi. Sasa chura, ngozi yake inakataa mafuta lakini inakubali maji. Basi kule Ulaya gari likitoka kiwandani wanamtia chura mmoja mdogo, anakulia humo humo, anakunywa maji yanayotuama chini, na injini haikohoi mpaka mwenye gari anazeeka.

"Anakula nini?" nilimuuliza, maana mimi si mtu wa kumeza kila kitu.

"Kutu," akasema.

Nikaridhika. Jibu lilikuwa kamili, lina mantiki, na lilitolewa bila kusitasita. Nani angekataa?

Wakati huo, na hili lazima niliseme, nilikuwa msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwenye shule ya jioni nikiwa na ndevu, halafu nikaongeza kozi ya injini, jioni vilevile, kwenye darasa lenye baridi kali kiasi kwamba chaki ilikuwa inatetemeka yenyewe kabla mwalimu hajaishika. Mfumo wa mafuta tulifundishwa ubaoni: tanki, bomba, chujio, pampu, nozeli. Mwalimu alilichora tanki kama boksi tupu. Kilichomo ndani hakukichora. Kwenye nafasi hiyo ndipo chura wangu alipopata pa kukaa.

Sasa dada yangu mkubwa akapata gari. Alitoa maksai wake wawili wa kulimia, akabadilishana na mwenye gesti mmoja wa mtaa wa Katandala, akapewa gari la kulala. Ni yale magari ambayo wageni hutembea nayo kutoka mbali: kwa nje basi dogo, kwa ndani nyumba. Lina sinki, jiko la gesi, makabati, na kitanda kinachokunjwa kikawa meza. Wageni walioliacha walisema watarudi, hawakurudi, na gari likakaa uani kwa mwenye gesti masika baada ya masika mpaka kuku wakajua ni lao. Kila aliyepita aliona gari bovu. Dada aliona mgahawa.

Kule Kasesya, mpakani na Zambia, malori yanapanga foleni kusubiri karatasi za forodha, na madereva wake wana njaa ya kuweza kula tairi. Kamati ya mama lishe wa pale ilikuwa imemkubalia dada kipande kando ya maegesho, kwa sharti moja tu: siku ya gulio linalofuata gari liwe limesimama pale na sufuria iko motoni. Lisipokuwepo, kipande anapewa mama mmoja wa chipsi ambaye mwavuli wake ulikuwa tayari umekunjwa, unasubiri. Maksai walishaondoka. Mvua za kulimia zilikuwa njiani. Gari lisipofika Kasesya, dada angebaki hana plau wala jiko, na kwake kuna midomo ya kulisha inayojaza benchi zima la kanisani.

Gari lenyewe lilikuwa linawaka. Hiyo ndiyo ilikuwa fedheha yake. Liliwaka vizuri, likaondoka vizuri, likapita maduka ya Katandala kwa maringo, kisha likianza kupanda kilima lilipunguza sauti kama mtu anayesinzia ibadani, likazima. Ukikaa kando ukangoja kidogo, linawaka tena kana kwamba halijakukosea kitu. Linakwenda, linazima. Siku ya kwanza ya kulijaribu tulisukumana nalo mpaka watoto wa shule wakapata muda wa kwenda, kusoma na kurudi, na sisi tuko palepale.

"Wewe si una cheti?" dada akaniuliza, jasho likimtiririka.

"Ninacho."

"Basi kitumie."

Nilifikiri kwa makini. Ndani ya tanki kuna kitu kinatembea. Injini ikivuta mafuta, kitu hicho kinavutwa mpaka kwenye mdomo wa bomba, kinaziba. Injini ikizima, mvuto unaisha, kitu kinaelea zake, njia inafunguka. Mpaka hapo mwalimu wangu wa jioni angenipigia makofi. Kisha nikamalizia: chura amekufa.

Nilimweleza dada yote, kuanzia kiwandani Ulaya mpaka kwenye kutu. Akaweka mkono kiunoni.

"Kama kuna chura," akasema, "mtoe."

Tukalirudisha gari uani kwake Kizwite. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mkulima mtaratibu ambaye maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kisoda. Alitoka ghalani kunipa dumu la dizeli ya kusuuzia, limezibwa kwa gunzi la mahindi kama ilivyo kila chupa na kila dumu nyumbani kwake. Asali imezibwa kwa gunzi. Mafuta ya taa, gunzi. Shemeji akiona tundu, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye gunzi. Mdomo wa tanki la gari nao ulikuwa hauna kifuniko. Ulifungwa nailoni kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Niliona hayo yote kwa macho yangu mawili ya kisomi, nikapita.

Nikafungua ile nailoni.

Sijui nianzie wapi. Nimewahi kukaa karibu na machinjio. Nimewahi kusaidia kutoa panya aliyefia darini wakati wa joto. Vile vilikuwa manukato. Harufu iliyotoka kwenye tanki lile ilikuwa na mikono, ilinishika uso. Ilikuwa ya mayai viza, soksi za mwaka mzima, na dizeli iliyokata tamaa. Jogoo aliyekuwa juu ya uzio alishuka upande wa jirani na sikumwona tena wiki hiyo.

Nati ya kumwagia mafuta, ile ya chini ya tanki, ilikuwa imeshikana na kutu mpaka spana inateleza. Ikabidi ninyonye. Nilichukua mpira, nikaushusha tankini, nikaweka ncha mdomoni, nikavuta. Fundi mzuri anajua wakati wa kutoa mdomo. Mimi nilikuwa nasubiri dizeli, kitu kinachokuja haraka na chepesi. Kilichokuja kilikuja polepole. Kilikuwa kizito, cha baridi, kinateleza, kama mlenda uliolala uchi nje siku kadhaa, na kiliingia kinywani chote kwa pamoja bila kukatika. Nilipovuta mpira kilirefuka. Nilikikata kwa kidole.

Nilitema hapo, nikatema kwenye majani ya mabingobingo, nikatema njia nzima mpaka kwenye bomba la maji. Dada aliniletea togwa nisukutue. Togwa ikawa dizeli. Jioni ugali ukawa dizeli, maharage yakawa dizeli, na nilipocheua mke wangu alihamisha kibatari upande wa pili wa chumba.

Kesho yake tukalishusha tanki zima, mimi chini chali kwenye tope, dada akilizuia kwa gogo lisiniangukie. Kila boliti iliyofunguka ilinidondoshea kitu usoni: tope, kutu, kinyesi cha kuku, na mara moja kitu chenye miguu mingi ambacho sikukiuliza jina. Tukalibeba mpaka nyuma ya choo, tukaliinamisha juu ya shimo.

Yakatoka maji kwanza. Meusi. Kisha dizeli yenye rangi ya chai ya juzi. Kisha ukatoka ule mlenda, vipande vipana kama ngozi ya juu ya uji ulioachwa upoe, unaning'inia kwenye mdomo wa tanki, hautaki kuanguka, halafu unaanguka wote kwa sauti ambayo nikiikumbuka mpaka leo naacha kula. Kwenye kozi tuliambiwa kwamba maji yakikaa muda mrefu chini ya dizeli vinaota vijidudu, na vijidudu vinafanya utando. Mwalimu alilisema hilo kwa sentensi moja, kwa kalamu safi mfukoni. Nilitamani awepo pale ashike upande mmoja.

"Funga mdomo," dada akasema, "unaruka."

Bado kitu kilikuwa kinagonga ndani. Tukilitikisa tanki, kinagonga: pu, pu. Hakikugonga kwa ukali wa jiwe. Kilikuwa na ulaini. Tukatazamana. Geji ya mafuta nilikuwa nimeshaitoa, na tundu lake lilitosha mkono kuingia mpaka kwenye kiwiko. Nikakunja shati, nikageuza uso pembeni, nikaingiza mkono.

Nilimshika.

Alikuwa mnene, amevimba, anabonyea kama mkate uliolowa. Niliminya kidogo, akatoa maji. Nikamvuta nje polepole, nikamweka juu ya gazeti bila kumtazama vizuri, jicho moja nimefumba. Mweusi tii. Miguu hana, nikajua imeshaoza. Kichwa hana. Ila alikuwa na kitu kama manyoya mwilini, vinyweleo vifupi vimelala na utelezi, na hilo lilinisumbua, kwa sababu vyura wa Ufipa hawana manyoya hata wale wa bondeni. Kisha nikaelewa. Huyu ni wa Ulaya. Kule kuna baridi.

"Masikini," nikasema. "Ona alivyochoka."

Dada alikuwa amesimama na beseni la maji ya sabuni. Aliinama, akatazama gazetini, akanitazama mimi, akatazama tena gazetini. Midomo ilimcheza.

"Mzike," akasema. "Kisha njoo uoshe tanki."

Nilimzika kando ya mabingobingo, ndani ya gazeti lake. Nilisema maneno machache kuhusu utumishi. Sikujua kwamba nyuma yangu dada alikuwa ameuma kitenge.

Tukaosha. Tuliweka kokoto na sabuni ya unga ndani ya tanki, maji ya moto, tukazungusha, mimi huku yeye kule, kama watu wanaombembeleza mtoto wa tembo. Maji yakitoka meusi tunarudia. Yalitoka meusi mpaka nikaanza kudhani tanki lenyewe linayeyuka. Chujio nililipasua nione lina nini, na ndani kulikuwa na kitu kama dona lililochemka na lami. Mabomba niliyapuliza kwa pampu ya baiskeli. La kwanza lilikataa, lilikataa, kisha likakubali ghafla na kunirushia kifuani donge lililoacha alama kwenye shati; mke wangu alilifua mara moja, akaligeuza dekio. Sikulalamika. Dekio lenyewe lilinuka mpaka likafukuzwa nyumbani.

Tanki likakauka juani, tukalisuuza kwa dizeli safi, tukalirudisha. Nikaweka chujio jipya, nikatoa upepo kwenye pampu na kwenye nozeli, nikawasha. Injini ikaunguruma. Tukapanda kile kilima cha fedheha na kushuka na kupanda tena, na watoto wa shule walipotuona tunapita walishangilia kana kwamba sisi ni mbio za mwenge.

Siku ya gulio tuliondoka alfajiri, sufuria zimefungwa kwa kamba, magunia ya mkaa kitandani, dada kwenye kiti cha mbele na kuku mapajani. Hadi mjini Matai, katikati ya safari, gari lilienda kama limeahidiwa kitu. Tulipoiacha Matai nyuma na kuanza kupanda kilima kimoja kirefu, nikasikia ile sauti. Kusinzia. Injini ikashuka, ikashuka, ikazima.

Dada alishika kuku kwa mikono yote miwili na kutazama barabara mbele.

"Nipe muda," nikasema.

"Muda upo kwa mama wa chipsi," akajibu.

Tulikuwa tumesimama kwenye mwinuko mkali na kona mbele; malori yakija kwa kasi yangetupangusa. Lakini Msukuma mmoja, mfugaji wa zile familia zilizohamia huku na mifugo yao, alikuwa anapita na maksai wake kutoka kuvuta magogo. Akasimama, akasalimia, akazunguka gari mara moja huku pua ameiziba.

"Mmebeba nini humu?" akauliza.

"Sufuria."

"Kaka, mimi nalala jirani na zizi la ng'ombe mia. Hili linanuka kuliko zizi."

"Ndilo limeshaoshwa hili."

Akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha akawafunga mnyororo maksai wake mbele ya gari, akapiga mluzi, na wale wanyama wakainamisha shingo na kulivuta taratibu mpaka juu kwenye tambarare. Dada alitembea pembeni. Alikuwa anawatazama wale maksai kama mtu anayeona kitenge chake kimevaliwa na jirani. Alipofika juu alimpa yule bwana kuku aliyekuwa mapajani, akamshukuru kwa kupiga makofi na kuinama kidogo, kama tunavyofanya huku, akageuka akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, tafadhali."

Hilo neno "tafadhali" sijawahi kulisikia kwa dada tangu nizaliwe. Nikaingia chini ya gari.

Chujio jipya lilikuwa limejaa vumbi laini, nyuzinyuzi na vijigamba vyepesi vyekundu, vimelowana na kushikana. Nikajua bomba la kutoka tankini bado lina mabaki. Pampu ya baiskeli ilibaki Kizwite. Nikalitazama bomba, nikautazama mdomo wangu kwa mawazo, nikakumbuka ule mlenda. Nikaweka mdomo, nikafumba macho, nikavuta.

Kikaja kidonge. Kiligonga ulimi kama kifuniko cha kalamu, kikifuatiwa na dizeli tele, safi, ya haraka, iliyonijaa mashavuni na puani. Nilitema kidonge kiganjani. Nyuzi, vigamba, utelezi. Ngozi ya chura iliyobabuka, nikasema moyoni, na hapo hapo nikatapika kandokando ya barabara, kwa heshima zote, nikiwa nimewapa mgongo akina mama waliokuwa wanakwenda guliani. Waliniambia pole. Mmoja alinishauri niache pombe.

Nilisafisha chujio kwa dizeli, nikafunga, nikatoa upepo, nikawasha. Gari halijazima tena mpaka leo.

Kasesya tulifika jua limeshapita utosini. Gulio limechangamka, malori yamepangana, na kwenye kipande cha dada mama wa chipsi alikuwa ameshasimamisha mwavuli, nusu umefunguliwa. Mwenyekiti wa kamati, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha malori, alisimama katikati.

"Nilisema liwe limesimama na sufuria iko motoni," akasema.

"Shikamoo mama. Limesimama," dada akajibu, akashuka, akafungua mlango wa ubavuni, akawasha jiko la gesi la wageni wale, akabandika sufuria ya maji hata kabla mimi sijavuta breki ya mkono. "Na iko motoni."

Mwenyekiti aliitazama sufuria. Akautazama mwavuli. "Marahaba," akasema. Kisha akamwambia mama wa chipsi, "Funga mwavuli, mwenzangu. Sogea pale kwenye nguzo, nako kuna wateja."

Nilikatazwa kugusa chakula. Nilikatazwa hata kupumua upande wa mchele. Nilipewa kazi ya kupanga sahani, kwa mbali, mikono imefungwa nailoni. Madereva walikuja mmoja, wakaja watatu, wakaja wote. Walikula wali maharage kama watu waliotoka kifungoni, na wakati wa chai mmoja akauliza nini kinanuka. Nikaona nafasi yangu imefika. Nikaegemea gari, nikawasimulia yote: kiwanda cha Ulaya, maji ya tankini, kutu, utumishi mrefu, kifo, manyoya, maziko. Walisikiliza vijiko vikiwa hewani. Wawili waliapa kwamba na wao waliwahi kusikia. Mmoja aliuliza kama chura mpya anapatikana Tunduma.

Dada alikuwa anapakua maharage. Hakugeuka.

"Lile lilikuwa gunzi," akasema.

"Gunzi gani?"

"La mahindi. Kifuniko kilipopotea pale nyumbani, kabla hatujalijaribu gari, shemeji yako aliziba tanki kwa gunzi, likatumbukia, likaozea humo. Nililiona gazetini. Ningekwambia ungeanza kubishana, na mimi nilitaka tanki lioshwe." Akanisogezea sahani kwa ncha ya mwiko. "Chura hakai kwenye dizeli. Anakufa. Mpelekee yule wa mwisho chakula chake."